Mtungi Usio na Mwanzo: Kuhusu Usomaji wa Michoro ya Vyombo vya Udongo vya Moche

Utangulizi

Swali la kama jamii isiyotumia maandishi inaweza kuwa na fasihi lilikwisha kupata jibu zamani katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Waraka ulioandikwa mjini Nairobi mwaka 1968 na Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong ulitaka fasihi ya Kiafrika, pamoja na ile ya masimulizi, iwekwe katikati ya mtaala. Na tangu hapo mwanafunzi wa fasihi halazimiki kujitetea anapochambua ngano au majigambo. Hata hivyo jibu hilo liliegemea nguzo moja ambayo aghalabu haitajwi, nayo ni kuwapo kwa sauti. Fasihi simulizi ilitetewa kwa hoja kwamba mtambaji yupo, hadhira ipo, na lugha inayotumika inafahamika. Nguzo hiyo ikiondolewa, jibu huanza kuyumba. Itakuwaje basi kwa jamii ambayo sauti yake imezimika kabisa, haikuacha herufi hata moja, lakini imeacha maelfu ya vyombo vya udongo vilivyochorwa watu wanaokimbia, wanaopigana, wanaozikana na wanaokabidhiana vikombe?

Jamii hiyo ni ya Wamoche, waliokaa katika pwani ya kaskazini ya nchi ambayo leo ni Peru. Makala haya yanakusudia kuchunguza namna wataalamu walivyoisoma michoro ya vyombo hivyo tangu katikati ya karne ya 20, na yanadai kwamba usomaji huo, pamoja na mafanikio yake makubwa, umekuwa kwa sehemu kubwa ukisoma karatasi badala ya kusoma chombo. Tofauti hii si ndogo. Iwapo mchoro ulio juu ya mtungi ni kielelezo tu cha kisa kilichosimuliwa mahali pengine, basi kisa hicho kimepotea na kazi ya mhakiki ni kuokota vipande. Lakini iwapo mtungi wenyewe ni namna ya kusimulia, basi sehemu kubwa ya usimulizi huo ingalipo, na kutoonekana kwake kumetokana na macho ya wasomaji, si na uharibifu wa karne.

Chombo na waliokifinyanga

Utamaduni wa Moche ulistawi kati ya karne ya 2 na ya 9 hivi, katika mabonde ya mito inayoteremka kutoka milima ya Andes na kulikata jangwa hadi baharini: Lambayeque, Jequetepeque, Chicama, Moche, Virú na mengineyo. Wenyeji wake walilima kwa mifereji, walivua samaki, na walijenga mahekalu makubwa kwa mamilioni ya matofali mabichi. Lugha yao haikuandikwa. Lugha iitwayo Muchik, ambayo ilisemwa katika sehemu ya pwani hiyo wakati wa utawala wa Wahispania, iliandikiwa sarufi na kasisi Fernando de la Carrera mwaka 1644, kisha ikadidimia hadi kutoweka katika karne ya 20. Lakini kati ya sarufi hiyo na wachoraji wa mwisho wa Moche kuna pengo la miaka 800, na hakuna anayeweza kuapa kwamba maneno yaliyomo ndiyo yaliyotamkwa mbele ya mitungi.

Mfinyanzi wa Moche, kama wafinyanzi wote wa Andes kabla ya mwaka 1532, hakuwa na gurudumu. Alitumia kalibu za udongo zenye pande mbili, akaunganisha nusu mbili za mtungi, akatia mdomo, kisha chombo kikapakwa udongo laini ulioyeyushwa majini, wa rangi ya maziwa mazito. Juu ya ngozi hiyo mchoraji alichora kwa udongo mwekundu wa hudhurungi, kwa mstari mwembamba unaofanana na uzi, kabla ya chombo kuingizwa motoni. Umbo mashuhuri zaidi ni la mtungi wa duara ambao mdomo wake umegawanyika mara mbili na kurudi kuungana juu, mfano wa kikuku cha kupandia farasi. Mwaka 1948 Rafael Larco Hoyle, ambaye jumba lake la makumbusho lilianzishwa mwaka 1926, aliigawa mitungi hiyo katika vipindi vitano kwa kuangalia mabadiliko ya mdomo huo. Mgawanyo wake ungali ukitumiwa, ijapokuwa utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba haulingani vizuri na mabonde ya kaskazini. Kwa mada hii inatosha kusema kwamba michoro ya mstari mwembamba yenye watu wengi na matukio mengi hupatikana zaidi katika vipindi viwili vya mwisho.

Yafaa kusisitiza jambo moja ambalo picha za vitabuni hulificha. Mitungi hii haikuwa mapambo ya rafuni. Mingi imekutwa makaburini, lakini mingi ya hiyo ina mikwaruzo na midomo iliyomeguka, ishara kwamba ilishikwa na kutumiwa na walio hai kabla ya kuzikwa na wafu. Ilitiwa kinywaji, ikainuliwa, ikageuzwa mkononi.

Larco na kiu ya herufi

Kabla ya kuingia katika usomaji wa matukio, inafaa kutaja kwa kifupi jaribio moja lililoshindwa, maana kushindwa kwake kunafundisha. Katika michoro mingi ya Moche kuna wakimbiaji walioshika vifuko mkononi, na mara nyingi kando yao au badala yao huonekana fiwi, zile kunde bapa zenye madoa, zikiwa zimeota miguu na kukimbia au hata kushika silaha. Larco alidai kwamba madoa yale ni alama za maandishi na kwamba wakimbiaji walikuwa matarishi waliobeba barua za fiwi. Wataalamu wengi hawakukubali. Wengine waliona humo mchezo wa bahati au ramli.

Jambo la kuzingatia si kama Larco alikosea. Ni kwamba mtu aliyevijua vyombo hivyo kuliko yeyote wa zama zake aliona ni lazima avitafutie herufi ndipo vipate heshima. Wako pia wanaofanya kinyume chake kwa matokeo yaleyale: huvisifu vyombo hivi kwa kuviita "vitabu vya udongo" kisha wasivisome. Sifa ya namna hiyo ni kilemba cha ukoka. Chombo kinachoitwa kitabu hupimwa kwa vigezo vya kitabu, na bila shaka kitaonekana kitabu duni, kisicho na kurasa wala mpangilio wa mwanzo na mwisho.

Kutoka mtungi hadi karatasi

Chanzo cha tatizo ni zana ambayo bila yake taaluma hii isingekuwapo. Kwa kuwa mchoro unauzunguka mtungi, hakuna picha moja ya kamera inayoweza kuuonyesha wote. Kwa sababu hiyo wachoraji wa kisasa huunakili ukiwa umekunjuliwa, yaani uliotandazwa bapa kama mkeka. Gerdt Kutscher wa Berlin, aliyechapisha mkusanyiko wake mwaka 1954, alitegemea michoro ya namna hii iliyofanywa na Wilhelm von den Steinen. Huko California, Donna McClelland alifanya kazi kwa miongo kadhaa pamoja na Christopher Donnan, akanakili mamia ya vyombo vilivyotawanyika katika makumbusho na mikononi mwa watu binafsi. Hazina hiyo sasa imehifadhiwa Dumbarton Oaks, mjini Washington. Mwaka 1999 wawili hao walichapisha kitabu ambacho kiliweza hata kutambua mikono ya wachoraji mmoja mmoja kwa namna walivyochora macho, miguu na vilemba. Huo ni uhakiki wa mtindo katika maana yake kamili, na hauna haja ya kutetewa.

Hata hivyo, kuukunjua mtungi ni kuukata. Mnakili anapaswa kuchagua mahali pa kupitisha kisu chake, na mahali hapo ndipo panapogeuka kuwa mwanzo na mwisho. Mathalani, chukuliwe mtungi wenye wakimbiaji. Katika karatasi, msomaji huona safu inayoelekea upande mmoja: yupo aliyetangulia na yupo aliyeachwa nyuma, na akili iliyozoea mashindano mara moja hutafuta mshindi. Juu ya mtungi hakuna mshindi. Aliyeachwa nyuma anamkanyaga visigino aliyetangulia, na kila mkimbiaji ni wa kwanza kwa yule anayemfuata. Katika baadhi ya mitungi mstari wa ardhi wenyewe hupanda kwa kujizungusha, hata miguu ya wakimbiaji ikawa inauelekea mdomo. Mshikaji akitaka kuwafuata hana budi kuuzungusha mtungi, naye akiuzungusha, wao wanakimbia. Mwendo haumo katika mstari peke yake. Umo katika mkono wa anayesoma.

Watafiti wa fasihi simulizi wanalifahamu jambo hili kwa jina jingine. Ngano inaponakiliwa, mnakili huondoa ukimya wa mtambaji, vicheko vya hadhira, na mahali ambapo wimbo ulirudiwa mara sita kwa kuwa watoto waliupenda. Hubaki maneno, na maneno hayo huanza kuchambuliwa kana kwamba ndiyo ngano. Mlinganisho huu una mpaka wake, kwani mtambaji aliye hai anaweza kurudiwa na kuulizwa, ilhali mchoraji wa Moche hawezi. Lakini mpaka huo unazidisha wajibu wa mhakiki. Pale ambapo nakala haiwezi kusahihishwa na mwenye kazi, mhakiki anapaswa kuishuku nakala mara mbili zaidi.

Mfano mwingine unaonyesha kwamba umbo la chombo hutawala usomaji hata pasipo mzunguko wa wakimbiaji. Katika Makumbusho ya Uingereza, London, limo bakuli la Moche lenye mdomo uliopanuka kama ua, ambalo limechorwa wafumaji wanawake. Kila mmoja ameketi na kitanda chake cha kufumia, ncha moja imefungwa nguzoni na nyingine imezungushwa mgongoni. Mchoro huo umepigwa upande wa ndani wa mdomo. Ukitandazwa karatasini, unakuwa safu ya vibarua wanaotazamwa kutoka nje, na umetumiwa mara nyingi kama ushahidi wa jinsi kazi ya ufumaji ilivyopangwa. Lakini aliyelishika bakuli hakusimama nje. Aliinama, na wafumaji wakamzunguka pande zote, kama mtu aliyeingia uani mwao.

Kikombe ndani ya chombo

Usomaji uliosifiwa kuliko wote ni ule wa Donnan kuhusu kile alichokiita Tukio la Kukabidhi. Katika maandishi yake ya mwaka 1975 na yaliyofuata, Donnan alipendekeza kwamba wingi wa michoro ya Moche ni wa juujuu tu: kwa hakika ipo idadi ndogo ya matukio ya msingi, na kila chombo huonyesha tukio zima au sehemu yake. Alilinganisha na sanaa ya Kikristo, ambamo mtoto horini, nyota au wachungaji watatosha kumkumbusha mtazamaji kuzaliwa kwa Yesu. Mtungi aliouegemea zaidi umo katika makumbusho ya Munich. Sehemu yake ya juu inamwonyesha mtu mwenye miale inayotoka kichwani na mabegani, ambaye Donnan alimpa herufi A. Anapokea kikombe kutoka kwa B, nusu mtu nusu ndege. Nyuma yao yupo C, mwanamke aliyevaa pambo la kichwa lenye mashada mawili, kisha D. Chini ya nyoka mwenye vichwa viwili anayeigawa picha, mateka walio uchi na mikono imefungwa nyuma wanakatwa koo na damu yao inakingwa.

Kilichofuata hakijawahi kumpata mhakiki wa fasihi yeyote. Mwanzoni mwa mwaka 1987 wezi wa makaburi walivamia kilima cha Sipán, katika bonde la Lambayeque. Walter Alva, mkuu wa makumbusho ya huko, aliingilia kati akafukua kaburi ambalo halikuwa limeguswa, na humo alilala mtu aliyevikwa mapambo ya mhusika A. Kaburi jingine hapohapo lilikuwa na mapambo ya B. Mwaka 1991 huko San José de Moro, Donnan na Luis Jaime Castillo walifukua kaburi la mwanamke aliyezikwa na mashada mawili ya madini na kikombe kirefu. Kuanzia mwaka 1995, katika ua wa Huaca de la Luna, Steve Bourget alifukua mifupa ya wanaume zaidi ya 70 waliotolewa kafara, na uchunguzi wa mifupa ya Moche uliofanywa na John Verano ulionyesha alama za kisu shingoni. Wahusika waliokuwa na herufi tu sasa walikuwa na mifupa.

Ushindi huo ulistahiki kushangiliwa, lakini uliuletea usomaji madhara ambayo hayakuonekana upesi. Tangu wakati huo mtungi wa Munich umekuwa ukitajwa kama ripoti. Huulizwa nani alikuwa nani, na kaburi lipi linalingana na umbo lipi. Swali la kwa nini kisa hiki kilichorwa mahali hapa, juu ya kitu cha aina hii, lilififia kwa kuwa jibu la swali la kwanza lilikuwa na dhahabu. Hali hii inafanana na ya mhakiki anayegundua kwamba mhusika wa riwaya aliwahi kuishi kweli, akaifunga riwaya na kwenda makaburini.

Ukirejewa mtungi wenyewe, jambo moja hujitokeza ambalo mchoro uliokunjuliwa hauwezi kulionyesha. Kisa ni cha kimiminiko kinachotoka chini na kupanda juu: damu inakingwa kutoka shingoni mwa mateka, inaingia kikombeni, kikombe kinapita mkono kwa mkono hadi kwa mwenye miale. Kisa hicho kimechorwa juu ya chombo cha kimiminiko. Kilichokuwamo ndani, yamkini pombe ya mahindi, nacho kilipaswa kupanda ili kitoke: kuingia katika matawi mawili ya mdomo, kukutana juu, na kuishia kwa mpokeaji. Aliyeuinamisha mtungi alikuwa anatenda, kwa kinywaji chake, safari ileile iliyokuwa imechorwa kiganjani mwake. Hapa mchoro si kielelezo cha ibada iliyofanyika kwingineko, na wala haujitoshelezi. Unakamilishwa na tendo la kumimina. Huo ndio usomaji ambao karatasi huuzuia, kwa sababu karatasi haina tumbo.

Haidaiwi hapa kwamba kila mtungi una uhusiano wa namna hii na mchoro wake. Mitungi mingi imechorwa mapigano, uwindaji wa paa au samaki tu, na kulazimisha uhusiano wa kumimina kila mahali kutakuwa ni kurudia kosa la kutafuta ufunguo mmoja wa milango yote. Lakini pale chombo cha kinywaji kinapochorwa juu ya chombo cha kinywaji, mhakiki hana ruhusa ya kupita kimya.

Uasi wa vifaa na hatari ya kisasili cha kuazima

Tukio jingine limewavutia zaidi wenye mwelekeo wa fasihi kwa kuwa linaonekana kuwa na maandishi ya kulieleza. Katika vyombo vichache, na vilevile katika mchoro wa ukutani uliokuwa Huaca de la Luna, silaha, kofia za vita, mishipi na mavazi vimeota mikono na miguu, vinawakimbiza watu na kuwakamata. Jeffrey Quilter alilichambua tukio hili katika makala ya mwaka 1990, akifuata njia ambayo wengine walikuwa wameigusa kabla yake, ya kulilinganisha na visasili vilivyoandikwa baadaye. Viwili ndivyo hutajwa. Kimoja kimo katika hati ya Huarochirí, iliyoandikwa kwa Kikechua mwanzoni mwa karne ya 17 katika milima iliyo juu ya Lima: jua lilikufa, giza likadumu siku tano, vinu na mawe ya kusagia yakaanza kuwala watu, na llama wakawaswaga wanadamu. Kingine kimo katika Popol Vuh ya Wamaya wa Guatemala, ambamo vyungu, mawe ya kusagia na mbwa wanawageukia watu wa mti waliowatesa.

Ulinganishi huu ni wa thamani kwa kiasi fulani: unathibitisha kwamba wazo la vifaa kuasi lilienea mbali na kudumu kwa muda mrefu. Udhaifu wake unaanza pale kisasili kilichoandikwa kinapochukuliwa kuwa ndicho matini kamili na michoro ikawa nakala yake iliyofifia. Kati ya wachoraji wa Moche na mwandishi wa Huarochirí kuna karne zisizopungua 8 na mamia ya kilomita. Zaidi ya hayo, vifaa vyenyewe si vilevile. Katika hati hizo mbili wanaoasi ni watumishi wa jikoni na wanyama wa kufugwa. Malalamiko yao ni ya kusagiwa, kupikiwa na kubebeshwa. Katika mitungi wanaoasi ni zana za vita. Tofauti hii hutajwa kwa haraka kisha ikaachwa, ilhali ndimo kilimo kiini cha jambo.

Ili kuiona maana yake hapana haja ya kwenda Guatemala. Inatosha kuangalia namna vita vinavyochorwa katika mitungi mingine ya Wamoche haohao. Shujaa aliyeshinda humshika aliyeshindwa kwa nywele. Humvua kofia, ngao, rungu na mavazi, huvifunga pamoja, akavitundika kwenye rungu lake begani. Kisha humwongoza mateka akiwa uchi, kamba shingoni. Taswira hii hurudiwa mara nyingi sana katika sanaa nzima ya Moche. Kwa ufupi, ushindi kwa mchoraji huyu ni tendo la kumtenga mtu na vitu vyake: vitu vinapaa begani mwa mshindi, mtu anabaki mwili mtupu wa kukingiwa damu. Sasa uasi wa vifaa unapata sura nyingine. Lile furushi lililovuliwa mwilini mwa mateka limejitwalia mwili wake. Limeota miguu aliyoipoteza, na linamshika mtu kwa nywele kama mshindi anavyoshika. Hofu iliyomo haihusu giza wala kulipiza kisasi kwa mawe ya kusagia. Inahusu utaratibu wa vita wenyewe, ambao umekwisha kumfanya mtu kuwa kitu, na kwa hiyo hauna namna ya kuzuia kitu kisiwe mtu.

Usomaji huo unatokana na vyombo vyenyewe kwa kuvilinganisha kimoja na kingine, jinsi mhakiki wa ushairi anavyoufafanua ubeti mgumu kwa beti nyingine za mtunzi yuleyule kabla ya kukimbilia diwani ya nchi jirani.

Majina yanayofunga milango

Mwaka 1979 Donnan na McClelland walichapisha uchunguzi wa kundi la mitungi ya kipindi cha mwisho inayoonyesha matukio manne: jeneza likishushwa kaburini na wahusika wawili, mmoja mwenye umbo la mjusi mkubwa na mwingine mwenye uso wa mikunjo, mkutano, watu wakikabidhiana kome wa baharini, na mwanamke aliye uchi anayedonolewa na ndege. Waliliita kundi hilo zima Tukio la Maziko. Uchunguzi ni makini, lakini jina limechagua moja ya sehemu nne na kuifanya kuwa kichwa cha habari. Kwa jina hilo mwanamke anayedonolewa amekuwa kiambatisho cha mazishi ya mtu mwingine. Jina lingeweza kutokana na yeye, na hapo mazishi yangekuwa ndiyo matokeo ya kilichompata. Juu ya mtungi hakuna anayeweza kuona sehemu zote nne kwa pamoja. Kila inapoonekana mbili, nyingine zimejificha nyuma. Jürgen Golte, ambaye kitabu chake cha mwaka 1994 kilijaribu kuipanga michoro ya Moche katika mfuatano wa visa, alionyesha ujasiri ambao wengine hawakuwa nao, lakini mfuatano wake nao unadai kwamba sehemu iliyofichika ni lazima iwe "kabla" au "baada". Mtungi hausemi hivyo. Unasema tu kwamba iko upande wa pili.

Wala isidhaniwe kwamba usimulizi wa matukio ndiyo kanuni ya Andes yote. Katika pwani ya kusini, Wanasca wa nyakati hizohizo, ambao Max Uhle aligundua chimbuko la vyombo vyao katika bonde la Ica mwaka 1901, walichora kwa rangi nyingi za udongo kabla ya kuchoma, na mara nyingi hawakusimulia kabisa. Kiumbe wao mwenye barakoa ya dhahabu mdomoni na kichwa cha mtu mkononi haendi popote wala hatendi kwa zamu. Anaukumbatia mtungi kwa mwili wake. Na huko Conchopata, milimani, Wawari walichora mungu mwenye fimbo mbili juu ya mapipa makubwa ya udongo, kisha wakayavunja kwa makusudi na kuyafukia. Julio C. Tello aliyafukua ya kwanza mwaka 1942. Mhakiki anayetaka kuyasoma mapipa hayo anapaswa kuanza na pigo lililoyavunja, kwani nalo ni sehemu ya kazi.

Kinachozuia usomaji wa aina hii kuliko yote si nadharia bali ni soko. Sehemu kubwa ya mitungi ya Moche iliyomo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani ilichimbuliwa na wezi, na hakuna kumbukumbu ya kaburi ilimotoka, wala ya mkono uliokuwa karibu nayo, wala ya chombo kilichokuwa pacha wake. Huko San José de Moro, ambako vyombo vimefukuliwa pamoja na watu waliozikwa navyo, imewezekana kuuliza kwa nini mtungi fulani uliwekwa karibu na mwanamke fulani. Mtungi wa Munich hauwezi kuulizwa swali hilo. Kwa mwanafunzi wa Nairobi au wa Lima asiye na nauli, kilichobaki ni mchoro uliokunjuliwa, na hautakuwa haki kumwambia autupe.

Lililo katika uwezo wa wachapishaji ni dogo na halina gharama kubwa. Mchoro unaweza kuchapwa ukipita mahali ulipokatwa, hata sura iliyoanza upande wa kushoto ikarudiwa upande wa kulia, ili jicho lisipate mahali pa kutua. Unaweza kuambatana na picha tatu au nne za chombo kikigeuzwa, na maelezo yakasema mdomo uko wapi na mkono ulishikia wapi. Katika mitungi ile inayoitwa ya Maziko, hatua hiyo pekee ingemwezesha msomaji kumwona mwanamke na ndege zake kabla hajaliona jeneza.